Hilux ya turbo inayobeba viazi: 15W-40, 5W-30 au 20W-50?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Hilux ya mwaka 2009, injini ya 2KD (D-4D, lita 2.5) yenye turbo, niliinunua ikiwa imeshatumika. Nabeba viazi kutoka Njombe kwenda Dar es Salaam na kurudi na bidhaa za duka. Fundi wangu ananiwekea oili ya 20W-50. Anasema gari limechoka na Dar kuna joto, na kabla ya hapo alikuwa ananiwekea namba 40 tupu. Muuza spea ananiambia oili nzito itaua turbo, niweke 5W-30 ya sinthetiki. Kati ya sevisi na sevisi naongeza kama lita moja, na nikipanda mlima wa Kitonga turbo inapiga filimbi. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kila mmoja wao ana nusu ya ukweli. Kwa injini hiyo na kazi hiyo, weka 15W-40 iliyotengenezwa kwa ajili ya dizeli, daraja la CI-4 au CK-4 la API (kipimo cha ubora cha Marekani), na uimwage kila kilomita 5,000 pamoja na filta. Mfuko ukiruhusu, 5W-40 ya sinthetiki yenye A3/B4 ya ACEA (kiwango cha watengenezaji magari wa Ulaya) ni bora zaidi, ila kwako wewe tofauti yake si kubwa kama muuza spea atakavyokueleza.

Nianze na namba ya kwanza, ile yenye W, kwa sababu ndiyo inayowamalizia watu fedha. Namba hiyo inahusu baridi peke yake. Kwa SAE J300, kiwango kinachopanga namba hizi za oili, oili ya 15W hupozwa hadi nyuzi 20 chini ya sifuri kuona kama stata itaweza kuzungusha injini, halafu nyuzi 25 chini ya sifuri kuona kama pampu itaweza kuivuta. 10W hupimwa kwenye nyuzi 25 na 30 chini ya sifuri, na 5W kwenye nyuzi 30 na 35. Njombe kuna baridi, sikatai. Asubuhi za Juni na Julai joto linashuka chini ya nyuzi 10 na watu wanatoka na makoti mawili. Lakini kwa oili ya 15W hiyo bado ni hali ya hewa ya kustarehe. Mtu akikuambia ulipe karibu mara mbili kwa sababu ya tano hiyo, anakuuzia kinga ya baridi ambayo gari lako halitaiona maisha yake yote.

Hapo ndipo muuza spea alipokosea. Lakini kuhusu 20W-50 ya fundi wako ana hoja. Pima oili kwenye nyuzi 40 za joto, ambazo kwa injini bado ni ubaridi: 5W-30 nyingi zina mnato (uzito wa oili, unaopimwa kwa senti-stoksi) wa 60 hadi 70, 15W-40 zinacheza kwenye 105 hadi 115, na 20W-50 huanzia kama 150 kwenda juu. Ukishuka hadi joto la asubuhi ya Njombe, pengo hilo linapanuka zaidi. Oili ikiwa nzito hivyo, mambo mawili hutokea unapowasha. Kwanza, inachelewa kufika kwenye turbo, na turbo iko mwisho wa njia. Pili, filta inashindwa kuipitisha kwa kasi inayotakiwa, hivyo vali ya dharura iliyomo ndani ya filta inafunguka na oili inapita bila kuchujwa. Injini inapata oili, ndiyo, lakini ni ile yenye uchafu wake wote. Ukiwasha na kuondoka hapohapo na tani moja ya viazi mgongoni, unailazimisha shafti ya turbo ikimbie kabla haijalowa sawasawa.

Sasa njoo kwenye namba ya pili, ambayo ndiyo yenye kazi hapa kwetu. Hiyo inapimwa kwenye nyuzi 100, karibu na joto la oili injini ikiwa kazini. Daraja la 30 linaanzia senti-stoksi 9.3 na halifiki 12.5. La 40 linaanzia 12.5 na halifiki 16.3. La 50 linaanzia 16.3 na halifiki 21.9. Unaona kwamba madaraja yanapakana. Oili ya 40 iliyo karibu na mpaka wa chini haitofautiani sana na 30 iliyo karibu na mpaka wa juu, ingawa kwenye galoni zinaonekana ni vitu viwili tofauti.

Kitabu cha Hilux za injini za KD kilichoandikwa kwa ajili ya nchi zetu kina mchoro wa joto la nje unaoruhusu 5W-30, 10W-30, 15W-40 na 20W-50. Kwa hiyo fundi wako hajavunja sheria ya Toyota, na muuza spea pia hajaivunja. Kitabu hichohicho kinaongeza kwamba oili yenye namba ya pili kubwa zaidi inaweza kufaa zaidi gari linapoendeshwa kwa kasi kubwa au kubebeshwa mzigo mzito sana. Maneno hayo yanakuhusu wewe moja kwa moja. Mwalimu anayetumia Hilux kama yako kwenda shule na kurudi, Njombe mjini hapohapo, angeweza kukaa kwenye 10W-30 miaka yote bila tatizo. Wewe unatoka Ruaha Mbuyuni kwenye joto, gari limejaa saruji au mafuta ya kupikia, kisha unaanza Kitonga kwa gia ya pili na ya tatu nyuma ya malori. Upepo wa kupooza ni mdogo, turbo inasukuma kwa nguvu zote, na kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, hivyo turbo inabidi izunguke haraka zaidi kuleta hewa ileile. Shafti ya turbo ndogo kama hiyo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na inaelea juu ya utando mwembamba wa oili tu. Oili yenye nyuzi 90 barabarani tambarare inaweza kupita 120 pale.

Kuna kipimo kimoja ambacho wauzaji wengi hawakitaji na ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko vyote. Oili hupimwa pia kwenye nyuzi 150 huku ikisagwa kwa kasi kubwa, kama inavyosagwa kati ya shafti na beringi. Kipimo hicho huandikwa HTHS kwenye karatasi ya maelezo ya oili, mara chache sana kwenye galoni lenyewe. Oili ya daraja la 30 inaruhusiwa kushuka hadi 2.9. Ile ya 15W-40 hairuhusiwi kushuka chini ya 3.7, na 20W-50 nayo mpaka wake ni huohuo 3.7. Soma tena hapo. Kwenye joto kali, mahali ambapo turbo inaokolewa au inakufa, kiwango kinadai kitu kilekile kwa 15W-40 na kwa 20W-50. Oili ya 50 mara nyingi hupita mpaka huo kwa mbali, ni kweli, lakini ulinzi ambao injini yako iliutegemea ilipobuniwa unaupata tayari kwenye 40, bila adha ya asubuhi.

Kipimo hicho pia kinakuonyesha kwa nini "5W-30" si jina la kitu kimoja. Yenye ACEA C2 au A5/B5 inaweza kuwa na HTHS ya 2.9 hadi 3.5, imetengenezwa nyembamba makusudi ili kuokoa mafuta. Yenye ACEA C3 au A3/B4 lazima ifike 3.5. Galoni mbili za kampuni moja, rangi moja, namba moja mbele, na moja kati yao haifai kupanda mlima na mzigo kwenye injini ya 2KD iliyochakaa kidogo. Tena dizeli huwa ina tabia ya kuvujia kwenye oili kidogokidogo, hasa nozeli zikichoka, na kila tone linapunguza mnato. Ukianza na oili ambayo tayari iko mpakani, hujabakiza akiba yoyote. Kwa hiyo ukishikilia 5W-30, tafuta ile ya 3.5. Ila ukifika hapo, 5W-40 inakuwa na mantiki zaidi.

Kuhusu namba 40 tupu, isiyo na W, achana nayo. Nyingi zinazouzwa bado ni za madaraja ya zamani kama CD na CF, zilizokuwa za injini kabla ya enzi za komoni-reli (mfumo wa dizeli wa presha kubwa kama wa D-4D yako). Asubuhi ni nzito kuliko 15W-40, na ulinzi wake dhidi ya masizi ni mdogo.

Sasa hoja ya "gari limechoka, weka nzito". Hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi katika barua yako, kwa sababu mara nyingi oili ya 50 huwekwa kunyamazisha kitu. Muulize fundi wako: kabla ya kuhamia 20W-50, taa ya oili ilikuwa inawakawaka injini ikiwa moto na gari limesimama? Ikiwa ndiyo, usiendelee kusoma habari za namba, nenda kafungue sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Injini za KD, hasa 1KD ya lita 3.0 lakini na ndugu yake 2KD, zina ugonjwa unaojulikana: washa za shaba zilizo chini ya nozeli zinalegea, moto wa silinda unapenya juu, na masizi yanaingia kwenye oili kwa wingi. Yanageuka matope meusi na kwenda kuziba chujio la wavu linalokaa chini ya sampu, kwenye mdomo wa bomba la kuvutia oili. Pampu inakosa cha kuvuta. Ukiweka oili nzito hapo umefanya kama kumpa mtu mrija ulioziba nusu na kubadilisha chai kuwa uji. Taa inaweza kuzima kwa muda, kwa sababu presha inayopimwa ni ukinzani, si wingi wa oili inayopita. Injini za KD zilizokatika metali za krenki kwa sababu hii ni nyingi, na wenyewe walikuwa wanasifu oili yao.

Dalili zake: oili inakuwa nzito kama lami kabla ya kilomita 5,000, kuna mlio wa kuvuja pumzi unaofuata mapigo ya injini juu ya kichwa cha injini, masizi makavu yanaonekana kuzunguka nozeli kwa ndani ukifungua kifuniko cha vali, na mwanga wa taa ya oili unachelewa kuzima asubuhi. Usichanganye na weusi wa kawaida. Oili ya dizeli huwa nyeusi ndani ya siku chache baada ya kumwagwa, na hiyo ni kazi yake, inabeba masizi yasigande. Anayekuambia "imeshakufa, ona ilivyo nyeusi" anataka kukuuzia nyingine.

Na ile lita moja? Toyota yenyewe inakubali injini itumie hadi lita 1 kwa kila kilomita 1,000 kabla ya kusema kuna tatizo. Ni kiwango cha ukarimu mno, mimi nisingesubiri kifike huko, lakini lita moja kwa kilomita 5,000 kwa injini ya 2009 inayobeba mzigo si ugonjwa wa kukufanya ubadilishe mnato. Jua tu inakopotelea. Ukishuka Kitonga na viazi, mguu ukiwa umeutoa kwenye mafuta, halafu ukakanyaga tena chini na moshi wa bluu ukatoka kwa muda mfupi, angalia sili za vali. Moshi wa bluu unaokufuata wakati wote unapovuta mzigo ni ringi. Ukifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma na pumzi ikatoka kwa kishindo, ringi au bomba la kupumulia la injini lina shida. Hilo la pili ni la bei nafuu na husahaulika. Bomba la kupumulia likiziba, presha inajaa ndani ya sampu, oili ya turbo inakosa njia ya kurudi chini kwa sababu hurudi kwa uzito wake tu, na turbo nzima isiyo na kosa inaanza kutema oili kwenye hewa. Watu wamebadilisha turbo mbili kwa bomba la elfu chache.

Filimbi nayo ina aina zake. Filimbi nyembamba inayopanda na kushuka na mwendo wa injini, iliyokuwepo tangu uliponunua gari, ni sauti ya turbo tu. Mlio kama king'ora unaoongezeka wiki hadi wiki ni jambo jingine. Mpira wa kuingiza hewa ukitolewa, shika ncha ya shafti kwa vidole. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, kwa sababu inaelea kwenye oili na sasa hakuna presha. Kuingia na kutoka si kawaida, na alama za panga kukwangua ukuta ni hukumu. Ikiwa badala ya filimbi unasikia pumzi inavuja na gari limepungua nguvu huku likitoa moshi mweusi, kagua mipira ya hewa, na ya intakula (kipozea hewa ya turbo) kama yako inayo. Utando mwembamba wa oili ndani ya mpira huo si kitu. Dimbwi ni kitu.

Dukani, kabla ya kusoma 15W-40, soma herufi baada ya neno API. S ni ya petroli: SN, SP na wenzake. C ni ya dizeli. Galoni zuri la sinthetiki lenye SP peke yake ni oili nzuri ya Corolla. Kama limeandikwa SN/CF, usidanganyike na hiyo CF, ni daraja la miaka ya tisini. CI-4 ilianza 2002 na inavumilia salfa nyingi kwenye dizeli. CK-4 ilianza mwishoni mwa 2016, ina kinga bora dhidi ya oili kuchakaa kwa joto, na imekusudiwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 500 kwa milioni. Kiwango cha dizeli Afrika Mashariki tangu 2015 hakizidi 50, kwa hiyo hapo huna hofu ukijaza kituo cha kueleweka. Ukizoea kununua dizeli ya madumu njiani, baki na CI-4.

Feki ndizo zinazoua kuliko namba zote hizi. Nunua kwa wakala mwenye risiti, angalia alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), namba ya toleo na muhuri wa kifuniko. Halafu ukimaliza, toboa galoni tupu. Usiliache gereji, maana kuna watu kazi yao ni kuyajaza tena. Na usinunue zile chupa za "dawa ya kuongeza uzito".

Kuhusu turbo yenyewe, asubuhi acha injini iungurume nusu dakika, kisha ondoka taratibu mpaka geji ya joto ianze kupanda. Ukimaliza mlima na unataka kusimama palepale juu, usizime. Iache injini iungurume dakika mbili. Ukizima turbo ikiwa imewaka, oili iliyobaki kwenye beringi inaungua na kuganda kama masizi ya sufuria, na hapo hata oili ya bei kubwa haikusaidii. Ukiwa umetembea tambarare kwa nusu saa kabla ya kusimama, huna haja ya kusubiri.

Wengine wanaosoma wenye pikapu mpya zaidi wasichukue jibu hili kama lilivyo. Hilux zinazoletwa kutoka Japan za kuanzia 2017, zenye injini ya 2GD, zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Hizo zinataka oili yenye majivu machache, JASO DL-1 (kiwango cha Japani) au ACEA C2, na CI-4 italiziba chujio hilo polepole. Ford Ranger za lita 2.0 zenye mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili zinataka oili ya namba ileile ya Ford iliyoandikwa kwenye kitabu, bila kujadiliana.

Kwa sevisi yako inayofuata: kilomita 5,000 kwako ni kama safari tatu na nusu za kwenda Dar na kurudi, kwa hiyo nunua oili mapema usije ukanunua yoyote utakayoikuta njiani. Mwaga injini ikiwa moto, iache idondoke dakika 15, badilisha filta na uijaze oili kabla ya kuifunga. Injini hii inachukua karibu lita 7 pamoja na filta, lakini simama kwenye lita 6 na nusu, washa dakika moja, zima, subiri dakika 5 gari likiwa tambarare, pima kwa kijiti, kisha ongeza kidogokidogo. Usipite alama ya juu, maana oili iliyozidi huchapwa na krenki ikatoa povu, na turbo haiwezi kuelea juu ya povu. Kama ni mara ya kwanza kutoka 20W-50 kuja 15W-40, pima kila ukifika Iringa kwa safari mbili za mwanzo. Ikipungua zaidi ya ile lita moja uliyozoea, anza na bomba la kupumulia, na umwambie fundi afungue sampu akaone wavu.